Hatua Mia Nane Hadi kwa Mtakatifu Antoni

Fausta alihesabu hatua zake. Kutoka jikoni hadi mtoni, kutoka mtoni hadi kanisani, kutoka makaburini hadi nyumbani, midomo yake ilicheza polepole na namba zikamtoka kwa Kividunda, lugha ya mama yake, hata pale alipokuwa akizungumza nawe kwa Kiswahili. Ukimwuliza kitu katikati ya hesabu alikuinulia kidole kimoja, akamaliza, ndipo akakujibu. Masista waliomfundisha kudarizi alipokuwa msichana walimzoesha kuhesabu nyuzi za kitambaa kabla ya kuchoma sindano, na hesabu ile ikashuka kutoka vidoleni hadi miguuni, ikakaa huko. Nilimfahamu kwa miaka saba na sikupata kumwona akienda mahali bila kujua ni hatua ngapi.

Ninaandika habari zake kwa sababu kuna watu wanaozisimulia vibaya. Mwaka jana, kwenye arusi moja Mikumi, nilimsikia mtu mzima na akili zake akiwachekesha wenzake kwa kisa cha "yule bibi wa Jitegemee aliyetaka kwenda Ulaya, akaishia ofisi ya Chama." Watu walicheka mpaka soda zikawapalia. Mimi nilikuwa nimekaa nao meza moja. Nilikuwa mwalimu katika kijiji hicho wakati huo, na sehemu kubwa ya mambo yale ilipita mikononi mwangu. Sikucheka, lakini sikufungua mdomo pia, na hasira niliyorudi nayo nyumbani siku ile ninayo mpaka leo.

Nilifika Jitegemee Januari 1975, nikiwa na miaka ishirini na miwili, sanduku la bati na cheti cha chuo cha ualimu ambacho wino wake ulikuwa bado unanukia. Kwetu ni Mabwerebwere, Kilosa mjini, na sikuwahi kuishi shamba. Kijiji kilikuwa na umri wa miezi mitatu. Watu wake walikuwa wameteremshwa kutoka milima ya Vidunda wakawekwa tambarare, kando ya barabara ya Mikumi kwenda Kidodi, katika nyumba zilizopangwa mistari minne iliyonyooka kama matuta. Katikati palikuwa na ofisi ya Chama na bendera yake, duka la kijiji, ghala la mbegu, na darasa moja lisilo na milango. Nyumba ya mwalimu ilikuwa bado imo kwenye mipango. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Lupakisyo, alinipeleka kwa Fausta, mjane wa miaka hamsini na kitu aliyeishi na binti yake Ida, akasema, "Mama, huyu ni mwalimu wetu, mtunze." Fausta akaniangalia miguuni. "Viatu hivyo havitamaliza mwezi," akasema, akachukua sanduku langu akaingia nalo ndani.

Barua ilikuja mwezi wa pili. Ilitoka kwa Padre Silvio, Mwitalia aliyekaa misheni ya milimani miaka kumi na tisa, kisha akaugua, akarudishwa kwao katika mji wa Padua. Aliandika Kiswahili cha kuchonga, kila neno limesimama peke yake. Alisema kitambaa cha altare alichopewa na Fausta wakati wa kuagana kilitandikwa kanisani kwao siku ya Noeli, na wanawake wa parokia walikizunguka wakakigeuza chini juu kutafuta mafundo ya uzi wasiyaone. Sasa walitaka kumwona aliyekidarizi. Wangemlipia ndege. Aje kwa sikukuu ya Mtakatifu Antoni, tarehe kumi na tatu Juni, akae siku nne.

Nilimsomea mara mbili. Ida akapiga kelele, akatoka nje kuwaambia majirani, akarudi, akatoka tena. Fausta alikaa tu, mikono juu ya magoti.

Ida huyu, ambaye hapakuwa na mtu kijijini aliyeweza kumnyamazisha, alikuwa bubu mpaka umri wa miaka mitano. Hakuita mama wala hakuomba maji. Fausta alikuwa amesikia kutoka kwa masista kwamba huko Padua, kanisani kwa Mtakatifu Antoni, umehifadhiwa ulimi wake. Kwamba walipolifungua kaburi miaka thelathini na miwili baada ya kuzikwa, mwili ulikuwa umekwisha lakini ulimi ulikuwa mzima, na watu wakasema ni kwa sababu ya kweli aliyoihubiri. Fausta akaweka nadhiri: mtoto akisema, atakwenda mwenyewe kushukuru. Baada ya Pasaka mtoto akasema. Neno lake la kwanza lilikuwa "sitaki". Miaka ishirini na moja ilikuwa imepita, na Fausta hakuwahi kupata namna ya kutoka Vidunda kwenda Padua.

"Mwalimu," akaniambia hatimaye, "mwandikie Padre. Mwulize kutoka nyumbani kwake hadi kwa Antoni ni hatua ngapi."

Hakuuliza juu ya ndege wala juu ya chakula. Nilidhani ni mzaha, lakini niliandika, na mwisho wa Machi jibu likaja pamoja na ramani iliyochorwa kwa kalamu nyekundu na ya bluu. Kutoka mlangoni kwa Padre unakwenda moja kwa moja, unavuka daraja dogo, unapita pembeni ya uwanja mkubwa uliozungukwa na mfereji wa maji na sanamu za mawe za watu wakubwa wa zamani, unaingia barabara nyembamba, na mbele yako kuna kanisa lenye makuba kama vyungu vilivyofunikwa. Hatua mia sita na arobaini.

"Za nani?" akauliza Fausta.

"Zake, nadhani."

"Padre ana miguu ya korongo. Kwangu hizo ni mia nane."

Tukaanza kupanga. Kila alasiri nikitoka shuleni tulikaa barazani na daftari langu la mazoezi. Nilikuwa nimeandika siku nne kwa mistari, na siku ya kwanza nikaweka: kufika, kuoga, kupumzika.

"Futa kupumzika," akasema. "Huwezi kuingia mji wa watu ukalala kabla ya kumwamkia mwenyewe. Kwanza nakwenda kumpa shikamoo."

"Atakuitikia marahaba kwa ulimi huo huo, Mama Ida?" akauliza Mwanasha, jirani yetu, aliyepita na beseni lake la vitumbua kichwani. Mwanasha alikuwa Mwislamu, mjukuu wa fundi wa reli, naye aliifuatilia safari ile kuliko Wakatoliki wote wa kijiji.

"Asipoitikia nitajua yuko kazini."

Siku ya pili niliipanga mimi. Nilikuwa nimesoma chuoni kwamba mwanamke wa kwanza kupewa shahada ya udaktari duniani aliipata katika chuo kikuu cha mji ule ule, karibu miaka mia tatu iliyopita, nikataka Fausta akalione jengo. Alinisikiliza. "Kama unataka, nitakwenda nikakuangalizie," akasema, kama mtu anayekubali kuniletea kilo ya chumvi kutoka Kilosa. Siku ya tatu ilikuwa sikukuu yenyewe, na maandamano mjini, na mikate ya Antoni wanayogawiwa maskini. Siku ya nne alinikataza nisiandike kitu. "Siku hiyo nakaa tu karibu naye. Nimesubiri miaka ishirini na moja, nisikimbizwe."

Alitaka kubeba sweta, maana kwao Vidunda mwezi wa sita ni baridi ya kutetemesha meno. Nilipomwambia huko mwezi wa sita ni joto, alinitazama kwa huruma, akalikunja sweta akaliweka kwenye kikapu, juu ya kitambaa kipya cha altare alichokuwa akikidarizi kwa ajili ya wanawake wale.

Jambo moja hakukubali: kushikwa mkono. Padre alikuwa ameandika kwamba atamsindikiza kila mahali. Fausta alisema Padre ni mgonjwa, atachoka, na yeye si kipofu. Kwa Antoni atakwenda kwa miguu yake, peke yake. Ndipo akaanza kufanya mazoezi ya kutembea Padua pale pale Jitegemee.

Ile mistari minne ya nyumba, ambayo wazee waliichukia kwa sababu ilimfanya kila mtu aonekane na kila mtu, kwake ilifaa. Mlango wetu ukawa mlango wa Padre. Beseni la Mwanasha mbele ya duka likawa daraja. Visiki vitatu vilivyobaki pale walipokata miti ya kijiji vikawa zile sanamu. Kila jioni jua likielekea kutua alivaa viatu vyangu vya ngozi, vile alivyosema havitamaliza mwezi, ajizoeze kutembea juu ya mawe, akaondoka akihesabu.

"Ulaya kunasemaje leo, shoga?" Mwanasha alimwuliza.

"Kuna vumbi," akajibu, kidole kimoja juu ili asipoteze hesabu.

"Daraja langu halivukwi bure. Chukua kitumbua."

"Nikirudi."

"Na wale wazee wa mawe uwaamkie! Usipite kama huna adabu!"

Na Fausta, pasipo kugeuka, "Shikamooni," akaviambia visiki, na watu waliokaa nje ya duka wakaanguka kwa kicheko.

Tatizo lilikuwa hatua ya mia nane. Iliangukia kwenye kizingiti cha ofisi ya Chama. Hakupachagua, hesabu ndiyo iliyompeleka. Alifika pale, akasimama chini ya bendera, akapiga ishara ya msalaba, akapiga goti moja, akakaa hivyo kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha akageuka kurudi. Alifanya hivyo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mgambo akaja kumwita.

Nilikwenda naye. Ndugu Lupakisyo alikuwa na wajumbe watano wa halmashauri, wote wamekaa benchi moja. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, wazazi wake walitoka Rungwe kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na alijivunia kwamba hakuwa na ukoo pale wa kumpendelea. Hakuwa mtu mbaya. Alilima pamba ya kijiji kama wengine, hakuiba, hakulewa. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linalonikera zaidi.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, hii ni nyumba gani?"

"Ofisi ya Chama."

"Sasa kwa nini unaipigia magoti? Watu wanauliza. Wengine wanasema unaiombea ianguke."

"Siipigii. Nampigia Antoni."

"Antoni yuko ofisini kwangu?"

"Hatua zimeishia hapa," Fausta akasema. "Mngejenga nyuma kidogo."

Wajumbe wawili wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Hata Mwenyekiti alicheka. Nilifikiri tumepona. Lakini alifuta macho, akavuta karatasi, akasema kwamba mambo ya magoti yameisha, na kwamba sasa wazungumze juu ya safari yenyewe. Ili Fausta apate pasipoti alihitaji barua ya utambulisho ya kijiji, aipeleke Kilosa, na kutoka Kilosa iende mbele. Halmashauri ilikuwa imekaa. Ilikuwa imeona kwamba huko nje magazeti yanaandika vibaya juu ya vijiji vyetu, na kwamba wenyeji wake wa Padua watamwuliza anaishi wapi na vipi. Kwa hiyo asiende mikono mitupu. Aende na risala ya kijiji, aishike kwa moyo kwa kuwa hakujua kusoma, na aisome mbele ya wanawake wale siku ya sikukuu.

"Mwalimu ataiandika vizuri," akasema, akanigeukia. "Mambo ya kusema haya hapa."

Nikaiandika. Hili silifichi. Nilikaa pale pale, nikachukua kalamu, nikayaweka maneno yake katika mwandiko wangu mzuri wa chuoni. Shule ilikuwemo, na pamba, na zahanati iliyokuwa ikijengwa. Na mwanzoni kabisa ilikuwemo sentensi hii: "Sisi wananchi wa Jitegemee tuliteremka kutoka milimani kwa hiari yetu wenyewe, kwa nyimbo na vigelegele, baada ya kuziona faida za kuishi pamoja."

Nilijua. Ida alikuwa amenisimulia wiki yangu ya kwanza, na usimulizi wake haukuacha kitu. Oktoba, asubuhi, lori lilipanda mpaka lilipoweza kupanda, na wanaume wakaja kwa miguu kumalizia. Fausta alikuwa na maharage motoni. Waliling'oa paa lake kwa fito ndefu, nyasi zikaangukia chunguni, mahindi ya darini yakamwagika na paa, kisha mtu akatia kiberiti ili asirudi. Aliteremka akiwa na sindano zake kwenye kopo na duara lake la mbao la kubania kitambaa. Kaburi la mumewe lilibaki huko, na njia ya kulifikia ikaota majani.

Fausta aliniambia niisome risala. Nikasoma. Akaniambia nisome tena, polepole. Kisha akamgeukia Mwenyekiti.

"Toa sentensi hiyo ya kwanza."

"Ipi, mama?"

"Ya vigelegele. Mengine yote nitasoma. Shule nitasoma, mwalimu si ninaye ndani. Zahanati nitasoma. Pamba nitasoma, ingawa hatujavuna hata debe. Hiyo moja toa."

"Mama, hiyo ndiyo risala. Mengine ni salamu tu."

"Siku ile ulikuwepo, Lupakisyo." Hakumwita ndugu wala mwenyekiti. "Ulikaa mbele, karibu na dereva. Niambie ulisikia vigelegele vya nani, nikamsalimie."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwenyekiti aliangalia karatasi. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye pia ana wakubwa. Kwamba hataki ugomvi na mama yake. Kwamba Fausta aweke dole gumba chini ya risala kuonyesha ameikubali, na barua ya utambulisho ataitia mhuri saa hiyo hiyo. Akampa siku saba za kufikiri.

Siku hizo saba nyumba yetu haikukalika.

"Mama, soma tu!" Ida alipiga kelele tangu alfajiri. "Hawajui Kiswahili! Ukiwasomea hata bei ya sukari watapiga makofi!"

"Siendi kwa ajili yao."

"Padre mwenyewe Kiswahili chake anachechemea!"

"Siendi kwa ajili ya Padre."

"Basi Antoni ataelewa. Si mtakatifu? Ataelewa umelazimishwa."

"Ataelewa," Fausta akasema. "Ndiyo taabu yenyewe hiyo. Nakwenda kumshukuru mtu kwa ajili ya ulimi, nisimame mbele ya ulimi wake niseme tulipiga vigelegele?"

"Aliyesema ni mimi! Anayetakiwa kushukuru ni mimi, na mimi nasema soma!"

Mimi nilifanya vibaya zaidi ya Ida, kwa sababu nilisema kwa utulivu, kama msomi. Nilimshauri aweke dole gumba hapa, achukue barua, na akifika kule airuke sentensi. Nani angejua? Fausta alikuwa akidarizi. Alichoma sindano, akavuta uzi mpaka mwisho.

"Mwalimu, ndivyo mnavyofundishwa chuoni?" akauliza. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua kweli.

Siku ya saba alivaa kitenge chake cha kanisani, akaenda ofisini. Nilimfuata nyuma. Aliiweka risala mezani, haina alama, akasema, "Nimeileta. Sitaenda." Mwenyekiti akamwambia bado kuna muda, afikiri tena. "Nimefikiri," akasema. Aliniachia mimi mlango, nikatoka baada yake. Hilo ndilo lililotokea ofisini. Mtu yule wa arusini hakulisema, kwa sababu halichekeshi.

Naona lazima niseme ninavyofikiri. Kijiji kile kilitaka kuvuna pamba, kujenga zahanati, kusomesha watoto, na mimi niliyaamini hayo yote na bado sijayakana. Wanafunzi wangu wa darasa lile lisilo na milango wawili leo ni waganga. Lakini mambo mema yale yalilihitajia nini dole gumba la mwanamke mmoja? Walikuwa na nyumba yake, shamba lake, kaburi la mumewe. Walitaka na shukrani yake. Walitaka aende na uongo wao hadi mahali pekee duniani alipotaka kusema kweli, tena autoe kwa mdomo wake mwenyewe, kisha wauite ushirikiano. Na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba anaomba kitu kikubwa. Kwao ilikuwa sentensi moja tu.

Tarehe kumi na tatu Juni tulikuwa tunachuma pamba ya kijiji, mavuno ya kwanza. Fausta alikuwa kwenye mstari wake tangu asubuhi, gunia kiunoni. Mtu mmoja wa mstari wa pili akamwita, "Mama Ida, umerudi lini Ulaya?" Wengine wakacheka.

"Sijaenda," akajibu, akaendelea kuchuma.

Saa sita Mwanasha akaja na beseni. Hakuuza siku hiyo. Alipita mstari kwa mstari akimpa kila mtu kitumbua kimoja, na aliyeuliza sababu aliambiwa, "Kula, maskini wewe, ndio siku yenu." Alipomfikia yule mtu wa mstari wa pili akampita bila kumwona. Fausta alipokea cha kwake kwa mikono miwili.

Julai aliniita nimwandikie Padre. Aliniagiza maneno haya, nayakumbuka yote: "Padre, nilitakiwa nije na neno lisilo la kweli. Nikakataa. Ndiyo sababu hukuniona. Kitambaa nimekimaliza, nakituma." Nilikaa na kalamu. Nilijua barua za nje hupita kwa watu wengi. Nilikuwa mwalimu wa mwaka wa kwanza, kazi yangu ilitegemea saini ya Mwenyekiti yule yule. Nikaandika: "Padre, nasikitika ruhusa haikupatikana. Kitambaa nimekimaliza, nakituma." Nikamsomea yale aliyoyasema, na sio yale niliyoyaandika. Akatikisa kichwa kukubali, na mimi nikalamba bahasha nikaifunga.

Desemba nilihamishiwa Msowero, upande wa pili wa Kilosa. Likizo nilikuja kumsalimu, mara nyingine kwa lori, mara nyingine kwa basi la Mikumi, na kila nilipokuja alinipokea vile vile, akaniangalia viatu, akanipa ugali. Hakuniuliza juu ya Padre. Nilidhani Padre hakujibu.

Mwaka 1981, mwezi wa tano, Ida aliniandikia kwamba mama yake amevimba miguu na hatembei tena. Nilipofika, Ida alinikuta njiani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizungumza polepole. Akaniambia Padre alikuwa amejibu, Januari 1976, mwezi mmoja baada ya mimi kuhama. Ilikuwa barua yake ya mwisho, kwani alifariki mwaka huo huo. Ida ndiye aliyeisoma. Padre aliandika: "Pole sana, Mama Fausta, kwamba ulinyimwa ruhusa. Tunakuombea, wewe na wote wanaozuiwa." Fausta alimwambia Ida airudie, kisha akamkataza asinitajie kamwe.

"Alikasirika?" nikauliza.

"Siku tatu hakushika sindano," Ida akasema. "Kisha akasema, mwalimu aliogopa, ni mtoto."

Miaka mitano na zaidi alinipa ugali akijua.

Nilimkuta amekaa kitandani, miguu juu ya gunia lililokunjwa. Nikamwamkia, akaitikia. Nikapiga magoti sakafuni, nikaanza kuomba msamaha, nikalia kama mwanafunzi, nikamwambia niliharibu neno lake, kwamba Padre amekufa akimwonea huruma ya bure. Aliniacha nimalize. Kisha tukazungumza mambo mengine: mvua, mtoto wa Ida, Mwanasha aliyehamia Morogoro. Alikula kidogo. Honi ya basi ilipolia barabarani nikasimama, nikamshika mkono, nikamwambia nitarudi Agosti. Alifariki mwezi wa saba, sikumwona tena. Siku ile nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita.

"Mwalimu. Siku ukisimulia, usiseme walinizuia. Wasingeweza. Barua ilikuwa tayari mezani. Sema nilikataa mimi. Haya, kimbia, gari hilo halina subira, na Kilosa ni mbali."